Kule Watakuita Nani

Masika mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda Bulengera kumuaga nyanya yako, na mvua ya mchana imekatika. Nimefunga duka la maharagwe mapema, nimekaa mezani karibu na dirisha. Kesho asubuhi baba yako atakupeleka Kasindi, utavuka mpaka, na kutoka hapo utaendelea hadi kwenye ndege. Habari za mafuta ya jua, kofia na miwani nimekwisha kukuambia mpaka umechoka, kwa hiyo hapa siziandiki. Naandika kwa sababu ya swali lako la Jumapili, tulipokuwa tunachambua maharagwe.

Ulisema, "Mama, hapa Butembo bananiitaka muzungu tangu utoto. Sasa naenda Ubelgiji, kwa bazungu benyewe. Kule nitakuwa nani?"

Mimi nikakujibu, "Utakuwa mwanafunzi." Ukacheka, tukaendelea na kazi, lakini wote wawili tulijua kwamba sikujibu. Tangu siku hiyo swali lako limenikaa. Halinitishi. Nalitazama hivi, nalitazama vile, na kila nikidhani nimelielewa naona kuna upande sikuuangalia. Acha nikusimulie ninachokijua, hata vile vipande ambavyo hatukuwahi kukuambia vizuri.

Ulizaliwa Beni, hilo unalijua. Wakati ule baba yako alikuwa bado anasaidia kwenye lori la mtu mwingine, na mimi nilikuwa nawapikia wafanyakazi kwenye kambi ya watengeneza barabara. Mkubwa wa kambi alikuwa muzungu, mzee mwenye upara, asiyependa pilipili. Hayo ndiyo yote niliyoyajua juu yake.

Ulipotoka, muuguzi aliyenizalisha, Mama Tereza, alikufunga kwenye kitambaa na hakukuleta kwangu mara moja. Alikaa nawe kidogo pale penye mwanga. Kisha akasema, "Mutoto ni muzima. Analia muzuri. Utamuona, usishituke."

Nilifunua kitambaa. Nywele zako zilikuwa na rangi ya ndevu za mahindi, na ngozi yako ilikuwa nyekundu-nyeupe. Lakini pua ilikuwa ya baba yako. Midomo ilikuwa ya dada yangu mkubwa. Niliitazama mikono yako, nikaona vidole vya ukoo wetu, vifupi hivi na vipana, kama hivi vinavyoshika kalamu sasa. Ilikuwa kama mtu aliyewachora watu wote wa nyumbani, kisha akaondoka kabla ya kutia rangi. Watu hudhani nililia. Sikulia. Nilitaka kujua tu: umepita wapi wewe, mpaka ukafika hivi?

Nyanya yako, mama ya baba yako, alipanda gari kutoka Butembo akaja kukuona. Alikupakata, akakutazama muda mrefu, halafu akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ule muzungu wa barabara, njo alikuwa anakula chakula yako kila siku?"

Nikasema ndiyo. Hakuuliza tena. Alikulaza kitandani, akatoka nje, na pale barazani nikamsikia akimwambia baba yako, "Huyu mutoto hapana wa kwetu. Rudisha mwanamuke kwa baba yake."

Baba yako hakusema kitu. Ukimya ule nimeusamehe, lakini siwezi kukuambia kwamba haukuwepo. Baadaye aliingia, akakaa ukingoni mwa kitanda, akasema, "Niambie tu. Niko nasikiliza."

Nikamjibu, "Sina ya kukuambia. Muangalie pua."

Akainama, akakutazama. Kisha akasimama akaenda kumwita Mama Tereza. Hilo ndilo jambo lililotuokoa, mwanangu: baba yako alikuwa na shaka, na badala ya kuilea shaka yake alikwenda kuuliza.

Mama Tereza alikuja anapangusa mikono. Aliwasimamisha wote karibu na kitanda, nyanya yako naye. "Mutoto wa muzungu na mweusi hakuwake hivi," alisema. "Anakuwaka kati-kati. Muone huyu macho yake vile yanacheza. Mwili yake haitengeneze rangi. Banaita albinos. Na hii kitu haitoke kwa mutu mumoja. Baba anaibeba, mama anaibeba, na kwa bote haionekanake. Mutoto akipata ya baba na akipata ya mama, njo inatoka inje." Kisha akauliza, "Kwa famiye yenu hamukuwaka na mutu wa hivi?"

Baba yako akasema hapana. Mimi nikasema hapana. Nyanya yako alitafuta benchi, akakaa polepole, akafungua kilemba chake na kukifunga upya, kisha akasema, "Nilikuwaka na dada."

Hakuna aliyekuwa amewahi kumsikia akimtaja. Dada huyo alizaliwa kabla yake, kule milimani Lubero. Wazazi walimweka ndani, mchana hakutoka, na wageni walipofika alipelekwa nyuma ya jiko. Yeye ndiye aliyemsuka nyanya yako nywele alipokuwa mdogo, akimweka kichwa karibu sana na uso wake kwa sababu macho yake hayakuona mbali. Alikufa akiwa msichana. Baada ya maziko watu wa nyumba walikubaliana kwamba hatatajwa tena.

"Nilifikiri ilikwisha na yeye," nyanya yako alisema.

Akanyoosha mikono, nikakupa kwake. Alikukumbatia mpaka jioni. Hata leo ukienda kwake hupenda ukae karibu, akushike nywele. Sasa unajua ni nywele za nani anazozishika.

Miezi ikapita, nikawa na hamu ya kujua upande wangu. Mama Tereza alisema lazima wote wawili tuwe tumebeba. Basi nikaenda kwetu, nikauliza shangazi zangu mmoja mmoja. "Kwetu hii haiko," walisema wote, na mmoja alinikasirikia. Nilirudi bila jina hata moja. Lakini kitu kile kilikuwa ndani yangu, wapende wasipende, kimetembea kutoka tumbo hadi tumbo bila jicho lolote kukiona. Watu wananitazama ngozi hii nyeusi wanadhani wameniona mzima. Hata mimi nilidhani hivyo.

Ukakua, tukahamia huku Butembo, mtaa wa Kimemi. Kila mtoto wa barabarani alikuwa na wimbo wake wa muzungu. Mimi nilikuwa na dawa moja tu, na haikufaa. Kila uliporudi umekunja uso nilikuambia, "Weye ni mweusi kama sisi." Nililisema kwa nguvu, kwa upendo, mara nyingi. Siku moja, ulikuwa hujaanza hata shule, uliweka mkono wako juu ya wangu, ukausogeza karibu kabisa na macho, ukasema, "Mama, unadanganya. Macho yangu hayaonake mbali, lakini hii yanaiona."

Nilifikiri nakulinda, kumbe nilikuwa nakuomba ukatae mwili wako ulio mbele yako. Jua likikuunguza halijali kwamba mama yako amesema u mweusi. Tangu siku hiyo nikaacha kukuambia u rangi gani. Nikaanza kukuambia u mtoto wa nani, na nikabaki na udadisi wangu.

Halafu ukaja ule wakati wa ugonjwa uliowaua wengi, magari ya madaktari wageni yakajaa mjini. Bila shaka unamkumbuka Daktari Joyce, lakini ulikuwa mdogo, na nadhani hujui yote yaliyosemwa siku ile. Duka letu lilikuwa bado Bulengera. Yeye alikuwa daktari kutoka Amerika, mwanamke wa rangi yangu mimi, labda mweusi kunipita kidogo, nywele zake fupi kama zangu. Alikuwa ameacha gari lao barabarani, anapita nyumba kwa nyumba na kijana wa kumtafsiria, Kasereka. Wewe ulikuwa umekaa mlangoni kwenye kivuli. Watoto wakaanza: "Muzungu! Muzungu!"

Daktari Joyce alikutazama wewe kwa huruma, akamwambia Kasereka kitu kwa Kiingereza. Kasereka akakutafsiria: "Anasema isikuumize roho. Batoto hawajue."

Ukamjibu, "Banaita yeye. Miye banajua jina yangu."

Kasereka alisita kabla ya kulitafsiri. Alipolitafsiri, yule mama alijigusa kifuani. "Mimi?" Aliwageukia watoto. Walikuwa wanamtazama yeye kweli, wanacheka, wanamwonyesha vidole. Alikaa kwenye gunia la maharagwe bila kuombwa, akaanza kucheka mwenyewe, kisha akaomba maji.

Alituambia kwamba maisha yake yote, kwao, hakuna saa hata moja ambayo watu walimwacha asahau kwamba ni mweusi. Dukani, shuleni, kwenye kazi. Amevuka bahari kuja Afrika, akafikiri atakuwa amefika kwa watu wake, na watoto wanamwita muzungu.

Wakati huohuo jirani yetu mmoja, fundi wa pikipiki, alisimama nje akaniuliza kwa hasira, "Mama Masika, juu ya nini unakalisha muzungu kwa duka yako?" Unajua wakati ule watu hawakuwaamini wageni waliokuja kwa ajili ya ugonjwa.

Nikamwambia, "Huyu? Muangalie basi. Ni rangi yangu."

"Rangi hapana," akasema. "Ni ile gari."

Akaenda zake. Kasereka hakutaka kulitafsiri, lakini Joyce alisisitiza, na aliposikia alitikisa kichwa muda mrefu. Akasema, "Kwetu nyanya yangu alikuwa na ngozi nyeupe, karibu ya huyu mtoto wako. Na alikuwa mweusi."

Mimi sikuelewa. Akanieleza kwamba zamani, mahali alipozaliwa nyanya yake, sheria ilisema ukiwa na mzee mmoja mweusi katika ukoo, basi na wewe u mweusi, hata kama wazee wengine wote ni wazungu.

Nikamuuliza, "Na nani alikuwa anapima?"

"Sheria. Na majirani."

"Na hapa, mtoto wa muzungu na mweusi, watu wanamwita muzungu," nikamwambia.

Tukatazamana. Basi mtu yuleyule anapanda ndege huku akiwa muzungu, anashuka kule akiwa mweusi, na hajabadili hata shati.

Ndipo wewe ukauliza swali lako kwa mara ya kwanza, miaka yote hii kabla ya Jumapili: "Donc miye nikifika kwenu, niko nani?"

Alikutazama. Akasema, "Watakuangalia ngozi, kisha nywele, kisha mama yako. Halafu watabishana." Ulifurahi sana. Ulirudia neno hilo siku nzima, kwamba watabishana.

Kabla hajaondoka nilimuuliza kama daktari: wewe unayewaona watu ndani, unaona nini? Alishika mkono wako, akauweka kati ya wangu na wake. Akasema rangi inamwambia kidogo tu: nani ataunguzwa na jua, nani anahitaji kivuli. Haimwambii mtu ana damu ya aina gani. Mimi na yeye tunafanana rangi, lakini mimi nikihitaji damu, huenda yake ikanidhuru na ya yule mzee wa kambi asiyependa pilipili ikanifaa. Na akasema jambo lililonishangaza kuliko yote: kwamba ndani ya mwili, mtu wa hapa Butembo na mtu wa kusini kabisa mwa Afrika wanaweza kuwa mbali zaidi kuliko muzungu na Mchina. Lakini jicho likiwaona linasema wote weusi, na linatosheka hapo.

Jioni ile nilimsimulia baba yako tukiwa tunakula. Unamjua, hasemi haraka. Alimaliza ugali wake, akasema, "Anasema kweli. Miye nilienda na lori mpaka Mombasa. Kila fasi nilisimama kunywa chai, batu balifanana na bale ba fasi ya nyuma. Polepole, polepole tu. Sikuona fasi mutu anakatika, mwingine anaanza."

Alinawa mikono. Nilidhani amemaliza.

"Lakini kwa barrière niliona," akasema.

Jambo hili hakuwahi kuniambia, na wewe ulikuwa umelala. Nimemwomba ruhusa kuliandika hapa. Wakati wa vita, kwenye njia ya Beni, vijana wenye silaha waliweka kizuizi, wakasimamisha gari alimokuwamo. Hawakuangalia vitambulisho. Waliangalia nyuso. Baba yako ni mrefu na pua yake ni nyembamba, hiyo pua uliyoirithi. Wakamshusha. "Weye hapana Munande," walimwambia. Walimwamuru aseme kitu kwa Kinande, lugha ya kabila letu. Kinande alichokinyonya kwa mama yake kilimtoroka kwa hofu.

Akapita mama mmoja mzee na mzigo wa sombe, yale majani ya muhogo, kichwani. Hakujua kinachoendelea, au alijua. Alimtazama baba yako akamsalimu tu, kama unavyomsalimu mtu yeyote asubuhi: "Wabukire." Na baba yako akaitikia bila kufikiri, na maneno yakafuata yenyewe. Vijana wakacheka, wakamrudisha kwenye gari.

"Kulikuwa mwingine nyuma yangu," baba yako alisema. "Murefu vilevile. Yeye hakupata mutu wa kumusalimia."

Gari liliondoka bila mtu yule. Mpaka leo hajui jina lake.

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi, Masika. Daktari Joyce alituonyesha kwamba haya mafungu ya watu, huyu hivi na yule vile, hayamo mwilini. Watu ndio wameyaweka. Nilitaka kufurahi, nikasema basi ni upuuzi, yatakufa yenyewe. Baba yako alinionyesha kwamba kitu kilichotengenezwa na watu kinaweza kumwua mtu kabisa, kwa sababu wanaoshika bunduki wanakiamini. Yote mawili ni kweli, na bado sijajua jinsi ya kuyabeba kwa mkono mmoja. Labda wewe utajua. Umesoma kunipita.

Kwa hiyo sikupi jibu la kwenda nalo. Ngozi yako ni yako, inahitaji kivuli, na hiyo ni kweli popote utakapokwenda. Jina watakalokupa kwa sababu ya ngozi hiyo ni lao, na huenda likabadilika kati ya mlango wa ndege na mlango wa darasa. Wengine watakuona muzungu mpaka utakapogeuka. Wengine watauliza wazazi wako walitoka wapi. Wengine watakuhurumia, na hao huchosha kuliko wote. Usione haya kuwauliza na wewe: umenitazama nini ukajua? Uliza kwa upole, kwa sababu wengi hawajawahi kujiuliza. Na ukikutana na watu ambao swali kama hilo linawakasirisha, ondoka mapema. Usikae kubishana. Baba yako ndiye aliyeniambia niandike hivyo.

Na uniandikie. Mimi nataka kujua kweli. Nataka kujua watu wa kule wanavyopangana wenyewe kwa wenyewe, maana siamini kwamba wazungu wote wanaonana kuwa kitu kimoja. Lazima nao wana pua zao wanazozitazama. Nataka kujua kama kuna albinos kati yao, na kama wapo, wanawaitaje, na kama wanawatambua. Waulize walimu wako vitu ambavyo mimi nimeshindwa kumuuliza mtu hapa. Usiogope kuonekana mjinga. Kwetu nyumba nzima ilikaribia kuvunjika kwa sababu watu walijua bila kuuliza.

Nimeinua macho, nakuona unarudi. Umebeba kitu, nadhani ni mayai ya nyanya yako, na unapita kwenye tope kwa uangalifu. Barabarani chini ya dirisha langu Esperance wa jirani anaruka kamba na yule msichana wa familia iliyokimbia kutoka upande wa Beni, iliyofika wiki hii. Huyo mgeni hajakuona bado. Sasa amekuona. Amesimamisha kamba.

"Angalia," anamwambia mwenzake, "muzungu anakuja."

"Muzungu gani?"

"Ule pale, wa kitambaa ya bleu."

Esperance ametazama. "Ule ni Dada Masika," amesema, kisha amechukua kamba mkononi mwa mwenzake, wameendelea kuruka.

Naiacha kalamu hapa, nikufungulie mlango.

Mama yako,
Kavira